Mtoto wa Glasgow Haitwi Bairn

Wiki ya tatu ya Januari, mkuu wa chekechea niliyokuwa nikifanya kazi mashariki mwa Glasgow alituletea bahasha ya mabango. Tarehe 25 ya mwezi huo ndiyo siku aliyozaliwa Robert Burns, mshairi wa taifa, na kila mwaka, kwa siku chache, shule za Uskoti hukumbuka kwamba Kiingereza si lugha ya pekee nchini humo. Mabango yenyewe yalipendeza. Picha ya kiazi, chini yake "tattie". Picha ya ng'ombe, "coo". Picha ya mtoto mwenye mashavu mekundu, na chini yake "bairn". Niliyabandika mimi mwenyewe, usawa wa macho ya watoto wa miaka minne.

Alasiri nyanya mmoja akaja kumchukua mjukuu wake. Akasimama mbele ya yule mtoto wa picha, akakunja uso, kisha akacheka. "Hen," aliniambia (mwanamke wa Glasgow akikuita kuku, jua amekupenda), "bairn ni maneno ya Edinburgh. Hapa kwetu huyu ni wean." Akamgusa mjukuu kichwani. "Si ndiyo? Wewe ni wean wa nani?" Mtoto akasema ni wean wa nyanya. Nikachukua kalamu ya wino mzito niongeze neno la pili chini ya lile la kwanza, maana nafasi ilikuwepo tele. Mkuu akanizuia. Alinizuia kwa upole, sitamsingizia. Alisema wean si Kiskoti hasa, ni lugha ya mtaani, na kuna wazazi ambao wasingependa kuona lugha ya mtaani ukutani mwa shule.

Nyanya alisikia. Mtoto pia alisikia, na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Mwaka mzima mtoto yule huambiwa kwa tabasamu kwamba hapa tunasema "yes", hatusemi "aye". Sawa, labda ndivyo shule zilivyo. Halafu inafika wiki moja ya mwaka ambayo lugha ya kwao inaruhusiwa kuingia darasani na viatu vyake, na hata wiki hiyo, neno linaloingia si la nyanya yake. Yaani amekosea mara mbili. Kiingereza hajui, na Kiskoti pia hajui. Sasa anajua nini?

Nilirudi Mombasa na hasira hiyo kwenye begi. Naitoa leo kwa sababu nimechoka kusikia watu wazuri, wenye nia njema, wakisema kwamba ili kuokoa lugha ndogo lazima kwanza tuamue neno lipi ni sahihi.

Kwa msomaji ambaye akisikia Uskoti anafikiria sketi za wanaume na filimbi ya mfuko, nieleze kidogo. Kiskoti ninachozungumzia si Kigaeli, ile lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza: vyote vimetokana na Kiingereza cha kale, kimoja kikakulia kusini na kingine kaskazini, kila kimoja kikawa na mfalme wake, mahakama yake na washairi wake, mpaka taji zilipounganishwa 1603 na mabunge 1707, na kile cha kaskazini kikaanza kuitwa Kiingereza kibovu. Sisi Wakenya tunawajua Waskoti kuliko tunavyodhani. Jina Thogoto, kule Kikuyu, ni neno Scot lililopita vinywani mwa Wagikuyu baada ya wamisheni kupiga kambi hapo mwishoni mwa karne ya 19. Lakini walipotujengea shule hawakutufundisha kusema bairn wala wean.

Haya, tuyaangalie maneno yenyewe, maana ni matamu.

Bairn ni mzee. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "bearn", na ndani yake mna kitenzi cha kuzaa. Mnorwe, Mdenmaki na Mswidi hadi leo mtoto wanamwita "barn". Utalisikia Edinburgh, utalisikia Fife na Dundee, utalisikia kusini kwenye wilaya za mpakani, na utalisikia Aberdeen. Panda meli kuelekea kaskazini mpaka Shetland na bado unalo. Visiwa vile na jirani yake Orkney vilikuwa vya ufalme wa Denmark na Norway mpaka 1468 na 1469, vilipowekwa rehani kwa sababu mfalme alikosa pesa taslimu za mahari ya binti yake aliyeolewa na James wa 3 wa Uskoti. (Huko baba wa bibi harusi ndiye alipaye. Visiwa havikukombolewa mpaka leo.) Lugha ya Kinorse iliyozungumzwa huko imekufa, lakini mtu wa Shetland akisema bairn, mvuvi wa Norway anaelewa bila mkalimani. Kitu kidogo hukiita "peerie", na Orkney wanasema "peedie", wakati Uskoti karibu yote iliyobaki inasema "wee".

Kaskazini mashariki, nchi ya mashamba na samaki inayouzunguka mji wa Aberdeen, bairn yuko lakini hakai peke yake. Mtoto mdogo ni "littlin". Mvulana ni "loon", msichana ni "quine". Mtu anayejua Kiingereza cha vitabu tu atashtuka, maana kwenye Kiingereza hicho loon ni mtu asiye na akili timamu, na quine anasikika kama malkia aliyetamkwa vibaya. Kumbe kweli maneno hayo mawili, quine na la malkia, ni ukoo mmoja, na mzizi wao ni mwanamke tu. Klabu ya mpira ya mji wa Forfar inaitwa The Loons, na hakuna anayewaonea huruma.

Wean naye ni wa magharibi. Ametengenezwa kwa maneno mawili, "wee" na "ane", yaani mmoja mdogo, kadogo. Anatamkwa "wein". Ukimwona kwenye karatasi utamchanganya na kitenzi cha Kiingereza cha kumwachisha mtoto ziwa, lakini hawana undugu, ni tahajia tu zilizokutana njiani. Glasgow ni kwake, na Lanarkshire, na Ayrshire, na kushuka huko kusini magharibi. Karne ya 17 Waskoti walipohamishiwa Ulster kwa maelfu, walivuka naye bahari. Ukienda Derry au Donegal leo utamkuta, ameandikwa "wain", mzima kabisa.

Panda treni Edinburgh asubuhi. Kabla saa moja haijaisha uko Glasgow. Katikati ya njia unapita Falkirk, mji ambao watu wake wanajiita bairns, na timu yao ya mpira inaitwa The Bairns. Ni kama wamesimamisha nguzo: mwisho wa bairn ni hapa. Ukiendelea magharibi, neno linapungua nguvu, linachanganyika, na ukishuka Queen Street mama anayemvuta mtoto mkono ana wean. Hakuna bango la barabarani linalokuonyesha mpaka huo, na hakuna serikali iliyouchora. Umechorwa na mamilioni ya mama waliokuwa wakiita watoto waje kula.

Wala msinidanganye kwamba haya ni mambo ya kubahatisha. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha uchunguzi wa lugha za Uskoti 1949, kikatuma hojaji kwa posta vijijini, na kuanzia 1975 kikatoa atlasi inayoonyesha neno gani linaanzia wapi na kuishia wapi. Kamusi ya taifa ya Kiskoti, juzuu kumi zilizotoka kati ya 1931 na 1976, huandika kando ya neno wilaya ambako limesikika. Wenye kazi hiyo hawakupata shida yoyote na wingi wa maneno. Waliorodhesha tu. Shida wanayo wachapishaji wa mabango.

Nilipomsimulia habari hii msomi mmoja wa hapa nyumbani, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Ati unaona? Lugha ambayo wenyewe hawajakubaliana mtoto aitwe nani, hiyo si lugha, ni vilugha vya vijiji. Nikamuuliza kama anajua ule mkate mdogo wa mviringo wa kuwekea nyama. Manchester wanauita barm. Nottingham ni cob. Coventry ni batch. Kwingine ni bap, kwingine roll, na Waingereza wanaweza kugombana juu ya jambo hilo mpaka usiku. Mbona hakuna aliyewahi kuinuka akasema Kiingereza si lugha kwa sababu Waingereza hawajaafikiana juu ya mkate? Kiingereza kikiwa na maneno mengi kwa kitu kimoja kinaitwa tajiri. Kiskoti kikiwa nayo kinaitwa kimevurugika. Kinachotofautiana hapo ni nani ana jeshi la walimu na wakaguzi nyuma yake.

Na walimu walikuwepo, bwana. Sheria ya elimu ya 1872 ilimlazimisha kila mtoto wa Uskoti aende shule, na shule ilikuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyejibu kwa lugha ya mama yake alinyoosha mkono akachapwa kwa mkanda wa ngozi nene uliopasuliwa ncha; ile maarufu zaidi ilitengenezwa Lochgelly, mji mdogo wa Fife, na watu wazima huko wanatamka jina la mji huo kama sisi tunavyotamka neno kiboko. Mkanda haukuondoka katika shule za serikali mpaka 1987. Mwaka 1946 baraza la ushauri wa elimu la Uskoti lenyewe, watu wa nchi ile ile, liliandika kwenye ripoti kuhusu shule za msingi kwamba Kiskoti si lugha ya watu waliosoma popote pale, na hakifai kufundishia. Waliokuwa watoto wakati huo ndio waliokuwa wazazi na nyanya wa watu niliowakuta. Kwa hiyo usishangae kwamba serikali ya Uskoti ilipouliza watu 2010, asilimia 64 walisema hawakioni Kiskoti kama lugha, ni namna tu ya kusema. Sensa ya 2022 nayo ikapata watu takriban milioni moja na nusu wanaosema wanakizungumza. Weka hayo mawili pamoja uone kazi ya mkanda. Mtu anazungumza kitu kutwa kucha, halafu anakuapia kwamba hicho kitu hakipo.

Zamani niliposikia kuhusu mashindano ya kukariri Burns nilidhani ndiyo dawa. Mtoto anasimama mbele ya wazazi, anasoma shairi la Kiskoti, anapewa cheti na kupigiwa makofi. Halafu Jumatatu anamwambia mwalimu "I dinnae ken", sijui, anaambiwa aseme vizuri. Nimeona kwa macho yangu. Cheti chenyewe bado kilikuwa ukutani.

Sasa nifike kwenye kile kinachoniwasha hasa. Mkuu wangu hakuwa adui wa Kiskoti. Alikipenda. Alikuwa na kitambaa cha meza chenye mbigili, ua la taifa, na aliweza kukusomea Burns bila kitabu. Alichokataa ni Kiskoti cha watu wale waliokuwa wakiingia mlangoni kwake. Mwanaisimu A. J. Aitken alilieleza jambo hili miaka mingi iliyopita: katika akili za watu kuna Kiskoti kizuri na Kiskoti kibaya. Kizuri ni cha mashambani, cha wazee, cha mshairi aliyekufa. Kibaya ni cha mjini, cha mtoto wa fundi wa meli, cha mama wa ghorofa za Glasgow. Na kwa nini Glasgow? Kwa sababu ndiko viwanda vilikojaa, ndiko walikomiminika maskini wa Ireland na wa nyanda za juu, wakabanana kwenye vyumba, wakajifunza lugha ya jirani, wakaigeuza kidogo, wakaizungumza kwa sauti. Neno lile lile likitoka kinywani mwa mkulima ni urithi, likitoka kinywani mwa mtu aliyelipwa kwa wiki ni takataka. Mwaka 1994 James Kelman wa Glasgow aliposhinda Booker kwa riwaya iliyoandikwa kwa lugha ya mji wake, mmoja wa majaji wenyewe alijitokeza hadharani kupinga. Wengine wakahesabu matusi. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuhesabu namna mwandishi yule alivyomwacha mtu wa kawaida afikiri kwa maneno yake mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kichekesho ni hiki. Burns mwenyewe alizaliwa Alloway, Ayrshire, 1759. Ayrshire ni nchi ya wean. Mashairi yake yana bairn na yana wean, vyote viwili, kama mtu yeyote aliyekulia mahali maneno mawili yanapokutana. Mwaka 1785 alipozaliwa binti yake wa kwanza, nje ya ndoa, na kanisa likiwa limekunja ndita, alimwandikia shairi la kumkaribisha duniani. Neno alilomwitia ni wean. Yaani sikukuu ya mtu huyu ndiyo tuliyokuwa tukiisherehekea, na neno alilolipokelea mwanawe tuliliona halifai ukuta wa chekechea. Mnaufahamu wimbo wa watoto wa Wee Willie Winkie? Duniani kote unaimbwa kama wa Kiingereza. Uliandikwa na William Miller, seremala wa Glasgow, ukachapishwa 1841, na watoto anaowauliza kama wamelala aliwaita weans. Matoleo ya Kiingereza yakalifuta neno hilo yakaweka lao.

Tena ukitaka kushindana nani ni Mskoti zaidi, basi wean anashinda. Bairn utamsikia Newcastle. Utamsikia Northumberland na Durham, Uingereza kabisa, kwa watu ambao ukiwaita Waskoti watakurudishia salamu yako. Wean humsikii Newcastle. Sisemi hivyo ili bango lililoandikwa bairn lichanwe. Nasema ili mtu asiniletee habari za usafi.

Bairn simchukii, na nani atamchukia? Sheria ya Uskoti ya mirathi inayo kitu kinachoitwa "bairn's pairt", fungu la mtoto. Huwezi kuandika wasia ukamnyima mwanao kila kitu: akibaki mjane, theluthi ya mali inayohamishika ni ya watoto, asipobaki mjane, ni nusu. Mwanasheria wa Glasgow, aliyeita watoto wake weans asubuhi akiwafunga kamba za viatu, akifika ofisini anasema bairn's pairt bila kusita. Hugh MacDiarmid, mzaliwa wa Langholm karibu na mpaka, 1925 aliandika shairi dogo ambalo dunia yetu yote ni bairn aliyechafuka machozi, na sijui kama mtu mwingine amewahi kuitazama dunia kwa huruma namna ile. Na msemo mkubwa kuliko yote wa nchi ile, ule wa kusema binadamu wote ni sawa, ni kwamba sisi sote ni "Jock Tamson's bairns", watoto wa Jock Tamson, mtu yeyote, Juma wa watu. Glasgow wanausema vile vile. Hawausemi na wean. Nyanya yule yule aliyecheka bango langu nilimsikia siku nyingine akimtuliza mama mmoja mgeni kwa maneno hayo hayo. Maneno yote mawili yalikuwa mdomoni mwake na kila moja lilijua kazi yake.

Hapo ndipo wenye nia njema huniambia: basi sawa, mdomoni yakae mengi, lakini vitabu? Mitihani? Lugha bila sanifu haiandikiki. Swali hili ni la haki na sitalikwepa. Sasa hivi lina uzito kuliko zamani, maana 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayokipa Kiskoti na Kigaeli hadhi rasmi, na inayoitaka serikali iwe na mkakati wa Kiskoti. Ni jambo la kushangilia, nimeshangilia. Lakini najua kinachofuata sheria. Kinafuata kikao. Kwenye kikao kuna mtu na orodha ya maneno yenye safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiskoti kulia, na kila neno la kushoto linapewa moja tu la kulia.

Orodha ya namna hiyo imeshajaribiwa. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, maelfu kwa maelfu ya makala, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyejua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, kwa mapenzi tu. Alichukua sentensi za Kiingereza na kubadilisha neno moja moja kwa kutumia kamusi. Watu walimtukana kijana wa watu mpaka ikawa aibu. Mimi nilimwonea huruma, kwa sababu alichofanya ndicho kile kile wanachotaka kufanya watu wazima wenye ofisi: kuamini kwamba Kiskoti ni Kiingereza kilichovalishwa maneno mengine, neno kwa neno.

Ukitaka mfano wa kuigwa, vuka bahari ya kaskazini. Wanorwe wana namna mbili rasmi za kuandika lugha yao, Bokmål na Nynorsk, na mtu akifungua mdomo kwenye runinga ya taifa anazungumza lahaja ya kijiji chake. Nchi ile haijaporomoka. Uskoti haihitaji hata namna mbili. Inahitaji mwalimu wa Dundee akubali insha yenye bairn, wa Paisley akubali yenye wean, na wa Peterhead akubali quine na loon, halafu wote watatu wasahihishe mambo yanayosahihishika: hoja, mpangilio, nukta. Mtahini atapata tabu kidogo. Na apate. Kamusi ya juzuu kumi iko mezani, na siku hizi iko hata kwenye simu.

Sijifanyi mgeni asiye na upande. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Mamangu akiniita alisema "ndoo", na shuleni niliambiwa ndoo ni chombo cha kuchotea maji, sema njoo. Nti nikaambiwa niseme nchi, ndia niseme njia. Wakoloni walikutana 1928 kuchagua Kiswahili cha kufundishia, na Kiunguja kikashinda Kimvita. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa, nyumbani kwa aliyeshindwa. Sawa, yamepita. Lakini angalia tunachofanya sisi wenyewe leo, bila mkoloni. Mtahiniwa wa kidato cha nne akikuta "mato" kwenye shairi, anatakiwa aeleze kwamba mshairi ametumia uhuru wake, ametumia lahaja, na anapata alama. Karatasi ya insha, mtoto wa Kisauni akiandika mato badala ya macho, kosa, duara jekundu. Muyaka bin Haji ana uhuru kwa sababu amekufa tangu karne ya 19. Mtoto wa Kisauni yu hai, basi hana. Nilipozuiwa na kalamu yangu kule Glasgow nililitambua duara lile mara moja, ingawa safari hii halikuwa na wino.

Kwa hiyo mnapotuambia kwamba wingi wa maneno ndio unaoua Kiskoti, mimi nawauliza: mmewahi kuona lugha iliyokufa yenye ugomvi wa majirani juu ya mtoto aitwe nani? Kinorse cha Shetland hakina ugomvi huo. Kimetulia kabisa.

Lile bango lilikaa siku tatu. Jumatano asubuhi nilipofungua darasa nilikuta chini ya bairn pameandikwa wean, kwa krayoni ya waridi, herufi za mtu mzima. Sikuwa mimi, ingawa mkuu hakuniamini. Aliliacha pale kwa kuwa siku hiyo tulikuwa na wageni na hapakuwa na bango jingine la kuziba nafasi. Watoto wakawa wanapita wakiligonga kwa kiganja na kupiga kelele, nusu yao bairn, nusu wean, na mmoja ambaye mama yake anatoka Lahore akiongeza "bacha". Ijumaa tuliyabandua yote. Tattie na coo zilirudi kwenye bahasha kungoja Januari nyingine. Lile la mtoto mkuu alilitupa kwenye pipa la karatasi, na mimi nikalitoa nilipokuwa nafunga madirisha. Niko nalo hapa, limekunjika pembe moja.